Je, Wajua? Bata mzinga na njegere kwenye sufuria ya Nshamba

Je, wajua kwamba bata mzinga si bata? Hana utando katikati ya vidole, mdomo wake umechongoka kama wa kuku, na ukimpeleka ufukweni Kemondo atakuacha uogelee peke yako. Kwa ukoo ni ndugu wa kware, kwale, kuku na tausi. Ubata amepewa na Kiswahili tu, kama yule jirani anayeitwa "Mjomba" na mtaa mzima ilhali hana mpwa hata mmoja.

Na mzinga je? Mzinga wa vita ni mzinga, wa nyuki nao ni mzinga. Mtazame dume anapojituna uani, manyoya yamesimama, mkia umefunguka kama feni, kifua kinanguruma, halafu chagua mwenyewe.

Wajua maana ya bata bukini? Huyo yumo kweli katika ukoo wa mabata, na jina lake limebeba ramani: Bukini ndilo jina la zamani la Kiswahili la Madagaska.

Je, wajua kwamba karibu kila taifa humsukumia mwenzake bata mzinga? Waingereza wanamwita kwa jina la Uturuki. Waturuki wenyewe wanamwita "hindi", yaani wa India. Wafaransa nao waliona ni kuku wa India, wakafupisha hadi likabaki "dinde". Waholanzi wakataja hata mji: "kalkoen", kutokana na Calicut ya India. Wamalay wakawarudishia Waholanzi mzigo wao kwa kumwita "ayam belanda", kuku wa Kiholanzi. Wamisri wanasema "dik rumi", jogoo wa Rumi. Wareno wakasema "peru", na hao angalau walipatia upande wa dunia, ingawa nchi walikosea.

Kwao hasa ni Meksiko na Amerika ya Kaskazini. Watu wa Meksiko walianza kumfuga kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wakamvusha bahari mwanzoni mwa karne ya 16.

Waganda hawakujisumbua na ramani za watu. Walimwita "ssekkokko". Mtu wa Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, ambaye kwa Kihaya kuku ni "enkoko", akisikia jina hilo hahitaji mkalimani.

Mwaka 1612 bata mzinga alifika hata kwenye baraza la Jahangir, mfalme wa Wamughal wa India. Aliletwa kutoka Goa, bandari ya Wareno. Jahangir alishangazwa na kichwa kinachobadilika rangi, akamwamuru mchoraji wake Mansur amchore, na mchoro huo upo hadi leo London. Hakumla. Au kama alimla, hakuandika.

Je, wajua kwamba jina la Kiingereza la bata mzinga liliporwa kutoka kwa kanga? Hapa inabidi tukae kidogo, maana ni dhuluma kwa ndege wetu. Kanga ni Mwafrika. Alifika Ulaya kupitia mikono ya wafanyabiashara wa dola ya Uturuki, na Waingereza wakamwita kwa jina la waliomleta. Karne ya 16 akatua ndege mwingine mkubwa kutoka Meksiko, wakawachanganya wawili hao, jina likamhamia mgeni na likakaa hukohuko. Kana kwamba haitoshi, mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipokuwa akiwagawia viumbe majina ya kisayansi, alichukua neno "Meleagris", ambalo ndilo jina la Kigiriki la kanga, akambandika bata mzinga kuwa jina la ukoo. Kanga akaachiwa jina lake mwenyewe nafasi ya pili: Numida meleagris. Wahaya wanaotaniwa kwa neno "nshomile", yaani nimesoma, wangekuwa na haki ya kumwuliza Linnaeus alisoma wapi.

Hasara ya kanga huko tumeifidia huku. Jina lake limevaliwa na akina mama wa pwani na bara, kwa kuwa inasemekana vitambaa vya kwanza vya kanga vilikuwa na madoadoa kama manyoya yake. Bata mzinga hajawahi kuwa vazi la mtu.

Je, wajua kwamba bata mzinga na maharage ni watu wa kijiji kimoja? Maharage, yale yanayopandwa chini ya migomba ya Muleba hadi mtu akadhani yaliumbwa humo, asili yake ni Amerika, na Meksiko ni moja ya mahali yalipoanza kulimwa. Mahindi vilevile. Pilipili vilevile. Papai na parachichi vilevile. Nyanya nayo imetokea upande huohuo wa dunia. Kwa hiyo ukimpika bata mzinga kwa maharage, nyanya na pilipili, umefanya mkutano wa ukoo, na bata mzinga ndiye ndugu aliyechelewa kufika.

Na ndizi? Ndizi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini huyo amekaa kwetu zaidi ya miaka elfu moja, na ndizi za kupika za nyanda za juu za Maziwa Makuu, zile Wahaya wanazoziita ebitoke, zimegeuka aina nyingi sana zilizozaliwa hukuhuku: enshakala, entobe, enyoya na nyinginezo. Mzee wa Nshamba akikuambia chakula cha asili ni ndizi na maharage, usimkatalie. Mmoja Mwasia, mwingine Mwamerika, wameoana ndani ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na watoto wao ni Wahaya.

Nani basi mwenyeji kabisa? Kahawa ya robusta, kwani misitu ya upande huu wa Ziwa Victoria ni sehemu ya kwao. Senene, bila shaka. Kunde ni Mwafrika. Njugu mawe pia ni Mwafrika, ingawa wa Afrika Magharibi, na ndizo akina mama wa Kihaya walizozoea kupanda nje ya kibanja, kwenye udongo mwepesi wa rweya, nyasi zile za wazi zisizofaa migomba. Njugu mawe huiva chini ya ardhi na huchemka taratibu mno. Jina limejieleza.

Njegere kwao ni Mashariki ya Kati, zilikolimwa pamoja na ngano na shayiri tangu kilimo kilipoanza. Kwa hiyo sufuria ya bata mzinga kwa njegere, ikiwa juu ya mafiga Nshamba na ndizi pembeni, ina mabara mawili ndani yake kabla hujaweka chumvi.

Je, wajua kwamba jirani zetu wanazijua njegere kuliko sisi? Muleba ni nchi ya maharage. Ukivuka kwenda Rwanda na Burundi utazikuta "amashaza" sokoni na vyunguni, na vilima vya Kigezi huko Uganda vimezizoea vilevile. Kenya wengi wanaziita "minji". Hapa Tanzania sifa za njegere ziko Lushoto, Njombe na kwingine kwenye baridi, kwa kuwa mmea huu haupendi joto. Jua likizidi, maua hupukutika. Dar es Salaam inakula wali wa njegere kila Jumamosi ya harusi, lakini kuzilima haiwezi.

Habari ya mbaazi ni nyingine. Mbaazi ni mti mdogo unaoweza kukaa shambani miaka kadhaa, unavumilia ukame, na asili yake ni India. Wahenga walisema mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Kwa kweli mwenye haki ya kusingizia jua ni njegere.

Mwaka 2017 hata mbaazi ilipata kisingizio halali. India, mnunuzi wake mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei kwa wakulima wa Tanzania ikaanguka vibaya.

Je, wajua kwamba sayansi nzima ya urithi ilianzia kwenye njegere? Gregor Mendel alikuwa padri mtawa katika mji wa Brno, ambao sasa uko Jamhuri ya Czech. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere kwa maelfu katika bustani ya monasteri, akazichavusha kwa mkono, akahesabu ngapi zimetoka za njano na ngapi za kijani, ngapi laini na ngapi zenye makunyanzi. Mwaka 1866 alichapisha matokeo, na karibu hakuna aliyejali hadi mwaka 1900. Alipofariki mwaka 1884 alijulikana zaidi kama mkuu wa monasteri aliyegombana na serikali juu ya kodi.

Padri anayelima si kioja Muleba. Wilaya hii ndiyo yenye Seminari ya Rubya, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wamefundishwa Kilatini na jembe, na ambako alipita Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960.

Turudi kwenye yale makunyanzi. Njegere inayokunjamana ikikauka ndiyo tamu ikiwa mbichi. Ina hitilafu katika jeni: kimeng'enya kinachosaidia kugeuza sukari kuwa wanga hakifanyi kazi sawasawa, sukari hubaki nyingi, punje hujaa maji, na maji yakitoka ngozi hubaki pana kuliko mwili. Wanasayansi waliikamata hitilafu hiyo mwaka 1990. Akina mama sokoni walikuwa wameshaijua kwa ulimi.

Je, wajua kwamba bata mzinga na njegere ndio waliozindua mlo wa kula mbele ya televisheni? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Swanson ya Omaha, Marekani, ilianza kuuza sinia ndogo ya alumini iliyogandishwa, yenye vyumba vitatu: vipande vya bata mzinga na mchuzi juu ya mkate wa mahindi, viazi vitamu, na njegere. Bei ilikuwa senti 98. Unaipasha kwenye oveni, unakula ukitazama kipindi, unatupa sinia. Angalia tena orodha hiyo: bata mzinga, mahindi na viazi vitamu, wote wenyeji wa Amerika. Mgeni kwenye sinia ile alikuwa njegere.

Krismasi ya mwaka 1968, wanaanga wa Apollo 8 wakiwa njiani kurudi baada ya kuuzunguka Mwezi, walifungua vifurushi wakakuta bata mzinga na mchuzi wake. Tangu hapo huwezi kusema chakula hicho kimekosa kufika popote.

Na wajua nani huwachinja bata mzinga? Jimbo la Minnesota ni miongoni mwa yanayoongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, na ndilo pia lenye jumuiya kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini humo. Katika viwanda vya nyama ya bata mzinga vya mji wa Willmar, na Barron katika jimbo jirani la Wisconsin, Wasomali ni wengi kwenye mstari wa kazi, na baadhi yao walikulia kambi za wakimbizi za Kenya kama Dadaab na Kiswahili wanakisikia. Mwamerika anayekaa mezani Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya Shukrani, anaweza kuwa anakula ndege aliyekatwakatwa na mtu wa Dadaab.

Je, wajua kwamba bata mzinga wa kisasa hawezi kuzaa bila msaada? Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemkuza kifua hadi dume hawezi tena kumpanda jike, kwa hiyo mbegu hukamuliwa na kupandikizwa kwa mkono wa binadamu. Yule wa kienyeji, mwembamba kidogo na mkorofi zaidi, bado anajitegemea.

Kagera ina Mmeksiko mwingine mwenye tatizo hilohilo: vanila. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na nje ya kwao halipati mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mkulima wa Muleba au Bukoba hupita ua kwa ua na kijiti chembamba. Mbinu hiyo aliigundua mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius. Viumbe wawili wametoka nchi moja, wamezunguka dunia nzima, na wote wawili wamefika wakitaka ukunga.

Ajabu yenyewe ni kwamba bata mzinga jike, mara mojamoja, huweza kutaga yai lisilorutubishwa na bado kifaranga kikaanza kukua ndani. Watafiti wa Beltsville, Marekani, walilichunguza jambo hili miaka ya 1950. Wachache waliofika kuanguliwa walikuwa madume watupu.

Je, wajua kwamba kifaranga cha bata mzinga kinaweza kufa njaa kikiwa kimesimama juu ya chakula? Mayai huchukua siku 28, wiki nzima zaidi ya kuku, na mtetea wa kienyeji anaweza kuyaatamia akidhani ni yake. Kifaranga akitoka, mara nyingi hajui kudonoa. Wafugaji humchanganyia vifaranga wawili watatu wa kuku wawe walimu, au huweka kitu king'aacho kwenye chakula ili kimvute macho. Tatizo ni kwamba mwalimu huyo ana maradhi yake: kuku hubeba minyoo yenye vijidudu vya ugonjwa unaoshambulia ini na utumbo, yeye akatembea nao kama kawaida, bata mzinga akafa. Kwa hiyo vifaranga wakishajua kula, shule ifungwe. Kila ndege abaki kwake.

Kifaranga huyo anataka protini nyingi kuliko kifaranga wa kuku wa nyama. Hapa Muleba haijapungukiwa, maana visiwa vyake, Bumbire, Goziba, Ikuza na vingine, huanika dagaa kwa magunia. Saga dagaa, changanya na pumba. Lakini zikibaki wiki chache kabla ya kuchinja, muachishe, la sivyo utampikia mkweo ndege mwenye harufu ya mwalo.

Haya, jikoni. (Na neno "haya" hapa ni la Kiswahili tu, ingawa wapishi wenyewe ni hao.)

Je, wajua kwamba maji ya Nshamba huchemka kabla hayajafika nyuzi joto 100? Uso wa Ziwa Victoria upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nshamba iko juu ya hapo, kwenye migongo ya vilima. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Sufuria ikitokota kwa vishindo Nshamba, ndani mna nyuzi 95 au 96 tu. Shemeji wa Dar es Salaam aliyekuja kula Krismasi, saa mkononi, atasema maharage ya huku ni magumu. Maharage hayana kosa. Ongeza muda, au chukua sufuria ya presha.

Nyama nayo ni vilevile. Bata mzinga wa kienyeji aliyezunguka uani mwaka mzima ana mapaja yaliyofungwa na nyuzi ngumu ambazo hugeuka ute laini kwa joto la taratibu la muda mrefu. Saa mbili si nyingi. Kifua hakina nyuzi hizo, na kikipikwa saa mbili hukauka mithili ya ubao. Ndiyo maana kumpika mzima ni usumbufu hata kwa wenye oveni: mguu unasema bado, kifua kinasema basi. Mwenye mafiga na sufuria ana nafuu. Akate vipande, mapaja na mabawa yatangulie, kifua kifuate mwishoni.

Mapaja ni mekundu na kifua ni cheupe kwa sababu ya kazi. Misuli ya kutembea hutaka hewa muda wote, hivyo hujaa kiini chekundu cha kuihifadhi. Kifua ni cha kurukia, na ndege huyu haruki kila siku.

Kuna mama mmoja aliyenifundisha kupaka nyama ngumu papai bichi lililosagwa. Mara ya kwanza nilizidisha, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikakuta uji. Papai lina kimeng'enya kinachokata protini, hufanya kazi zaidi pale nyama inapoanza kupata moto, na hufa maji yakichemka. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Na ndiyo, papai na bata mzinga wote ni wa Meksiko, kwa hiyo hapa pia ni ndugu anamlegeza ndugu.

Je, wajua ni kwa nini njegere hugeuka rangi ya kaki? Ukijani wa mmea umeshikiliwa na chembe ya magnesiamu. Joto likikutana na uchachu wa nyanya au ndimu, chembe hiyo hutolewa na rangi hufifia. Kufunika sufuria huzidisha, kwa kuwa njegere zenyewe hutoa asidi kidogo inayotaka kupanda na mvuke. Zichemshe kando, sufuria wazi, dakika tano au saba, kisha zimwage kwenye mchuzi ukiwa tayari kuepua.

Wapo wanaotia magadi. Magadi hulinda ukijani na kulainisha hata maharage ya mwaka juzi, lakini huua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu hufanya kinyume: huyakaza maharage. Chumvi imesingiziwa miaka mingi kwamba huyafanya magumu, wala haina hatia.

Njegere zilizomenywa zikakaa kwenye kopo sokoni tangu asubuhi si zile za jana shambani. Mara tu zikichumwa, sukari huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha mambo. Ukiweza, nunua zikiwa kwenye maganda yake na mzimenye nyumbani mkipiga soga. Za kugandishwa, ambazo wengi tunazidharau, mara nyingi huwa tamu kuliko za sokoni kwa sababu ziligandishwa saa chache baada ya kuvunwa.

Maharage mabichi usiyaonje. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha, na huisha yakichemka kwelikweli dakika kumi au zaidi. Njegere mbichi ruksa, na watoto wanaomenya wanalijua hilo kuliko mpishi anavyotaka.

Je, wajua kwamba jani la mgomba ni kifuniko bora kuliko bati la sufuria? Lipitishe juu ya moto hadi lilainike, lipange mara mbili tatu juu ya ndizi, likunje kingo ziingie ndani. Mvuke haupati pa kutokea, na harufu ya jani huingia kwenye chakula. Ukiwa na ndizi chini, vipande vya bata mzinga vilivyokwisha lainika katikati na jani juu, mchuzi hushuka wenyewe kwenye ndizi. Njegere, kama tulivyokubaliana, mwisho.

Anayeogopa moto wa Nshamba akumbuke kwamba mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma na kupata chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, kwa tanuru za udongo na mivuo. Bata mzinga anahitaji nyuzi joto 74 tu ndani ya nyama ili awe salama.

Nyama ya ndege iliyokwisha kusafishwa usiioshe tena bombani kabla ya kupika. Maji hurusha vijidudu kwenye kachumbari. Moto ndio unaoua.

Wajua kwamba uchovu baada ya kula bata mzinga si kosa lake? Watu humsingizia eti ana kiini kinacholeta usingizi. Anacho, na kuku anacho kiasi kilekile. Kinacholaza watu ni sahani ya tatu. Ndipo kahawa ya Kihaya inapofaa, ile ya kutafuna: matunda ya robusta yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, mgeni akapewa chache kiganjani.

Krismasi ya huku huja na mshindani. Novemba na Desemba ni msimu wa senene, na mtoto wa Nshamba aliyepewa kuchagua kati ya paja la bata mzinga na kiganja cha senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe hatafikiri mara mbili. Nami simlaumu.

Je, wajua kwamba zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata senene, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, kisha hakula? Ulikuwa mwiko. Buganda, mwanamke hakula kuku wala mayai. Bata mzinga alikuwa bado hajafika miiko hiyo ilipotungwa, kwa hiyo wakili yeyote angemtetea mwanamke aliyemla.

Imebaki firigisi. Katika karne ya 18 padri na mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwalisha bata mzinga vidonge vya risasi vilivyochomekwa sindano na vyembe. Baadaye akawapasua, akakuta ncha zimevunjika na kusagwa, na firigisi haina hata mkwaruzo. Msuli huo ndio unaokuja mezani, mkubwa kama ngumi ya mtoto, umechemshwa pamoja na mapaja hadi ukakubali. Kwa desturi ni ya baba. Lakini kuchemsha kwa saa mbili kunataka mtu wa kuonja kama imeiva, na aliyekuwa jikoni muda wote huo hakuwa baba.